Kabla hujaongeza dawa kwenye mashine ya kukamua tope, pima tope lenyewe

FundiMaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya wenzangu wa mitambo ya kusafisha maji, hasa nyie mnaoshika zamu za usiku mkiwa wawili na mlinzi. Nina miaka 14 kwenye kazi hii. Ukiniuliza dawa inapotelea wapi zaidi, sitakupeleka kule mbele tunakotia shabu. Nitakupeleka nyuma kabisa, kwenye tope.

Kwa wasio wa fani: maji ya mto yakiingia mtamboni tunayatia shabu, uchafu unashikana, unatuama chini ya matanki. Ule uchafu pamoja na maji ya kuoshea vichujio ndio tope. Mitambo mingi ya zamani ilijengwa hilo tope lirudi mtoni. Siku hizi huwezi kufungulia tu. Kwa hapa Tanzania kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na ukiacha sheria, kuna watu wanaoteka maji chini yako. Kwa hiyo tope linakolezwa kwenye tanki, linatiwa polima (dawa ya kushikanisha punje za tope), linapitishwa kwenye mashine ya kukamua, linatoka kama keki ya kupakia kwenye lori.

Faida yake iko wazi. Mita za ujazo 100 za tope lenye ukolevu wa asilimia 2 zina tani 2 tu za kitu kikavu, kilichobaki chote ni maji. Ukilikamua hadi asilimia 20 unabaki na tani 10 za kubeba badala ya 100.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike.

Masika moja nikiwa mtambo fulani (sitautaja) nilipigiwa simu saa nane usiku. Dekanta, yaani mashine yetu ya kukamua tope, inatoa maji machafu kama chai ya maziwa, na yana povu. Kijana wa zamu alikuwa amefanya kile ambacho wote tulifundishwa: maji yakitoka machafu, ongeza polima. Akaongeza. Maji yakazidi kuchafuka. Akaongeza tena. Nilipofika, keki ilikuwa inanata kama ugali uliochemshiwa maji mengi, unaishika inavutika nyuzi, na mfuko wa kilo 25 ulikuwa umekwisha kabla ya muda wake.

Nilichukua tope linaloingia kwenye mashine, nikaliweka kwenye glasi. Lilikuwa jepesi mno. Zamu ya mchana walikuwa wamelitoa tope kwenye tanki la kukolezea kwa muda mrefu kupita kawaida, tope zito likaisha, sasa pampu ilikuwa inavuta maji yenye rangi. Tukapunguza polima kwa zaidi ya nusu. Baada ya kama dakika ishirini maji yakaanza kuwa meupe.

Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo penye kiini chote.

Tope linaingia mita za ujazo 12 kwa saa. Likiwa na ukolevu wa asilimia 2.5, hizo ni kilo 300 za kitu kikavu kila saa. Dozi yetu ilikuwa kilo 3 za polima kwa tani moja kavu. Kwa kilo 300 unahitaji kilo 0.9 kwa saa. Polima tunaichanganya gramu 2 kwa lita, kwa hiyo pampu ya dozi inawekwa lita 450 kwa saa. Hadi hapo sawa.

Usiku ule tope lilikuwa asilimia 1. Mita 12 zilezile, lakini kavu ni kilo 120 tu. Lita 450 zilezile sasa ni dozi ya kilo 7.5 kwa tani. Kijana alipopandisha hadi lita 700 alifika karibu kilo 12 kwa tani, mara nne ya kinachotakiwa. Kilichotakiwa kilikuwa lita 180.

Hakukuwa na kosa la uzembe pale. Mita ya mtiririko ilionyesha 12, ileile ya kila siku. Hakuna kitu kwenye ubao kilichomwambia kwamba tope limebadilika, isipokuwa kimoja: mzigo wa skrubu ya dekanta ulikuwa umeshuka sana. Ndani ya dekanta kuna ngoma inayozunguka kwa kasi na skrubu inayosukuma keki nje. Keki ikipungua, skrubu inakosa kitu cha kusukuma, mzigo unashuka. Namba ilikuwepo kwenye kioo, ila hakuna aliyetufundisha kuitazama kwa jicho hilo.

Kwa nini polima ikizidi maji yanachafuka badala ya kusafika? Polima ni nyuzi ndefu sana. Kazi yake ni daraja: ncha moja inashika punje hii, ncha nyingine inashika punje ile, mwishowe yanakuwa mabonge. Ukizidisha, kila punje inafunikwa na nyuzi pande zote, panakosekana nafasi tupu ya uzi wa jirani kushika. Punje zinabaki moja moja, zimevaa koti. Tena maji yenyewe yanakuwa mazito kama uji mwembamba, kwa hiyo hata bonge lililoumbika linachelewa kutengana nayo.

Ndiyo maana nasema polima kidogo na polima nyingi zote zinakupa maji machafu. Ukiyatazama kwa macho tu huwezi kujua uko upande gani. Pima tope kwanza.

Naendelea baadaye kidogo, kuna jambo la misimu nataka kulieleza vizuri.

---

Nyundo27

Mkuu, umenigusa. Sisi kwetu dozi ni namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino kwenye ukuta wa chumba cha polima. Aliyeiandika alishastaafu. Mchana, usiku, masika, kiangazi, ni hiyohiyo. Ila swali: huo ukolevu tunaupimaje usiku? Tanuri la maabara liko, lakini sampuli inakaa humo hadi asubuhi.

---

FundiMaji

Swali zuri sana, Nyundo.

Kipimo cha kweli ni hicho cha tanuri: unapima tope, unalikausha kwa nyuzi 105 mpaka uzito usipungue tena, unapima kilichobaki. Hicho usikiache, fanya kila siku. Lakini hakikusaidii kuamua dozi ya saa hii.

Sisi tulitumia mashine ndogo ya maabara ya kuzungusha mirija. Unajaza mrija hadi alama ya mililita 10, unazungusha dakika tano kwa kasi ileile kila siku, unasoma tope limekaa urefu gani. Wiki ya kwanza kila sampuli tuliipima kwa njia zote mbili, mrija na tanuri, tukachora mstari kwenye karatasi ya miraba. Baada ya hapo mtu wa zamu anasoma mrija, anaangalia mstari, anapata ukolevu. Dakika saba kazi imekwisha.

Angalizo: mstari huo hauishi mwaka mzima. Sababu yake ndiyo ile habari ya misimu niliyoahidi.

Chukua mtambo wa mita za ujazo 20,000 kwa siku. Kuna kanuni ya kukadiria tope inayotumika sana: kila miligramu ya shabu inatoa takribani 0.44 ya tope, halafu unajumlisha uchafu uliokuja na mto wenyewe. Uchafu wa mto unaweza kuukadiria kutokana na kipimo cha ukungu, NTU, ukizidisha kwa namba ya mto wako. Mara nyingi namba hiyo iko kati ya 0.7 na 2.2. Tuseme yako ni 1.3.

Kiangazi: ukungu NTU 30, shabu miligramu 40 kwa lita. Unapata kama kilo 1,130 za tope kavu kwa siku, na karibu theluthi yake imetokana na shabu.

Masika: ukungu NTU 400, shabu miligramu 80. Unapata zaidi ya kilo 11,000 kwa siku, na iliyotokana na shabu haifiki asilimia 7.

Zitazameni hizo namba mbili. Si wingi tu uliobadilika, ni aina ya tope. Lile la kiangazi ni kama jeli, limeshikilia maji ndani yake, halitaki kuyaachia. La masika limejaa udongo na mchanga laini wa mtoni, linakamuka kwa urahisi na kwa kawaida linataka polima kidogo kwa kila tani, ingawa tani zenyewe ni nyingi. Anayetumia dozi moja mwaka mzima, kuna msimu anaozidisha na msimu anaopunguza. Namba ya ukutani ilikuwa sahihi siku ile ilipoandikwa.

---

BintiMkemia

Kaka FundiMaji, shukrani. Niongeze upande wa maabara.

Kwa wasio na vifaa, dozi yenyewe inaweza kutafutwa kwa ndoo na chujio. Chukueni tope, gaweni kwenye vikombe vitano vya mililita 200. Kila kimoja tieni polima tofauti, anzieni nusu ya dozi yenu ya sasa hadi mara moja na nusu. Mimineni kutoka kikombe hiki kwenda kingine, na kurudi, mara kumi, kwa mkono uleule na kwa haraka ileile. Halafu mwageni juu ya chujio lenye matundu ya saizi moja na mpime maji yanayopita kwa sekunde 30. Mtaona yanaongezeka, yanafika kilele, halafu yanaanza kupungua. Chagueni dozi iliyo kidogo kabla ya kilele, maana kilele chenyewe kiko karibu mno na mteremko wa upande wa pili.

Kingine, msinunue polima kwa jina la kampuni au kwa sababu jirani anaitumia. Kuna zenye chaji chanya, zenye chaji hasi na zisizo na chaji. Tope la majitaka yaliyosafishwa kwa bakteria karibu siku zote linataka chanya. Tope la shabu halina jibu moja, nimeona hasi ikifanya vizuri sehemu moja na chanya sehemu nyingine. Omba sampuli, zijaribu zote kwenye vikombe, kwa tope la masika na la kiangazi.

---

Kisima_Kirefu

Habari zenu. Mimi niko upande wa pwani. Tuna shida ambayo sijaiona hapo juu. Polima ileile, dozi ileile, tope halijabadilika, lakini tangu tubadilishe maji ya kuchanganyia mabonge yanakuwa madogo na yanavunjika. Tulikuwa tunatumia maji safi ya mtambo, tukahamia kisima ili kuokoa maji ya kuuza. Kisima kina chumvi kidogo.

---

FundiMaji

Mkuu, jibu umeshalitaja. Uzi wa polima ukiwa kwenye maji laini unajinyoosha. Kwenye maji yenye chumvi au magumu yenye kalisi nyingi unajikunja kama sufi, na uzi uliojikunja haufiki punje ya pili. Utalazimika kutia nyingi zaidi kupata kazi ileile. Pigeni hesabu: thamani ya maji mnayookoa na thamani ya polima mnayoongeza.

Na maji safi yenye klorini nyingi nayo si salama kwa polima, klorini inazikata zile nyuzi. Kama kuna bomba la maji yaliyochujwa kabla ya kutiwa klorini, hayo ndiyo bora.

Wakati tuko kwenye kuchanganya: polima ya unga inataka kunyunyizwa polepole kwenye maji yanayozunguka. Ukimwaga mfuko kwa mpigo yanatokea mabonge yenye ganda laini nje na unga mkavu ndani, tunayaita macho ya samaki. Hayo hayayeyuki, ni pesa inayoziba mabomba. Ikishachanganyika ipewe muda wa kuiva, nusu saa hadi saa nzima. Usiitumie ikiwa mbichi, na usiiache ikae siku nyingi, inapoteza nguvu. Na isisukumwe kwa pampu ya pangaboi, ile inazikatakata nyuzi. Tumieni pampu ya skrubu.

Kuhusu usalama, hili naomba lisomwe na kila mtu. Unga wa polima ukimwagika sakafuni usiumwagie maji. Utakuwa utelezi mbaya kuliko mafuta. Fagia ukiwa mkavu. Kama umeshalowa, mwaga chumvi ya kawaida na vumbi la mbao, acha kidogo, kisha zoa. Nina mwenzangu aliyevunjika nyonga katika chumba cha polima na hakurudi kazini.

---

MzeeWaAla

Nimefurahi kukuta uzi wa namna hii. Mimi kazi yangu ni vipimo na mitambo ya kujiendesha, nipo Kenya, upande wa majitaka. Naomba niseme kuhusu kuifanya dozi ijiendeshe yenyewe, kwa sababu wakubwa wengi wanaponunua mfumo huo wanadhani kompyuta itamaliza tatizo lililotajwa hapa. Kompyuta inaweza kufanya kosa lilelile la yule kijana, tena kwa haraka zaidi.

Watu wengi huweka kipima ukungu kwenye maji yanayotoka kwenye dekanta, halafu wanaiambia kompyuta: ukungu ukipanda, ongeza polima. Hiyo ni sahihi ukiwa upande wa upungufu. Ukiwa umeshavuka kilele, ukungu unapanda kwa sababu polima imezidi, kompyuta inaongeza, ukungu unapanda tena, inaongeza tena, mpaka pampu inafika mwisho na kukaa hapo usiku kucha. Haina njia ya kujua kwamba mlima umegeuka.

Mpangilio ninaouamini ni huu. Dozi ya msingi itokane na kinachoingia: mita ya mtiririko mara kipima ukolevu kwenye bomba la tope, mara kilo kwa tani ulizochagua. Tope likiwa jepesi, polima inashuka palepale kabla maji hayajachafuka. Halafu kile kipima ukungu cha nje kipewe kazi ya kurekebisha tu, na kifungiwe mipaka: kisiruhusiwe kupandisha au kushusha zaidi ya asilimia 15 ya dozi iliyohesabiwa. Kikifika mpakani kwa muda mrefu, kengele ilie mtu aje na glasi yake. Pia kirekebishe polepole, maana mabadiliko ya dozi huchukua dakika kadhaa kuonekana upande wa pili. Ukiwa na haraka utapandisha na kushusha bila kutulia.

Povu ni adui wa kipima ukungu. Viputo vya hewa kinavisoma kama uchafu. Weka kikombe cha kutulizia kabla ya kipima ili hewa itoke.

Kipima ukolevu nacho kioshwe na kilinganishwe na tanuri kila wiki. Nimeona kimoja kilichofunikwa na utando, kikawa kinasoma asilimia 3 hata pampu ikivuta maji matupu.

---

Mama_Tanki

Wakuu, sisi hatuna dekanta wala kompyuta. Tuna vitanda vya mchanga vya kukaushia. Je, haya yote yanatuhusu? Mvua zikianza vitanda havikauki, tope linarundikana.

---

FundiMaji

Mama, yanawahusu tena sana. Polima kidogo inasaidia maji kujitenga na kupenya mchangani mapema. Lakini ukizidisha, ile iliyobaki bila kazi inaganda juu ya mchanga na kuziba matundu, na kitanda kikishaziba utakwangua mchanga na kuweka mwingine. Anza na jaribio la chujio alilolieleza BintiMkemia, halafu jaribu kitanda kimoja tu. Tope liwe jembamba, sentimita 20 hadi 30, lisirundikwe. Kama kuna uwezo wa kuezeka hata nusu ya vitanda kwa mabati ya kupitisha mwanga, mvua itakusumbua kidogo.

MzeeWaAla, hiyo ya mlima kugeuka umeieleza vizuri kuliko mimi. Nitaiandika mtamboni kwetu.

---

BintiMkemia

Jambo ambalo halijaguswa: maji yanayokamuliwa yanakwenda wapi? Mitambo mingi inayarudisha mwanzo wa mtambo yachanganyike na ya mto. Yakiwa machafu, tope mnalolikamua leo mnalipokea tena kesho, matanki yanajaa na mnadhani mto ndio umechafuka. Na yakiwa na polima iliyozidi, sasa mna polima kwenye maji ya kunywa. Polima hizi zina mabaki kidogo ya akrilamaidi, kemikali yenye sumu inayotumika kuzitengeneza, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 0.5 kwa lita. Hapa kuzidisha dozi kunaacha kuwa habari ya pesa peke yake. Nunueni polima iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa hata kama ni ya kukamulia tope, na muulize cheti.

---

Nyundo27

Nimerudi baada ya wiki tatu. Niliongea na msimamizi, akakubali tujaribu zamu moja kwanza.

Kabla ya kupima tope niliamua kupima pampu ya dozi, kwa ndoo na saa ya simu. Kioo kinasema lita 450 kwa saa, yaani lita 7.5 kwa dakika. Ndoo ikapata lita 5. Kumbe muda wote tulikuwa na lita 300, na ile namba ya ukutani haikuwa na maana yoyote. Nikarudia mara tatu, ileile.

Kisha tukaanza mirija. Siku ya pili tu nikaona tope la alfajiri ni asilimia 1.3 na la saa tano mchana ni 2.8, kwa sababu ya jinsi tunavyofungulia matanki. Tumebadilisha: sasa tunafungulia dakika chache kila saa badala ya kwa mkupuo mara moja kwa zamu. Tope limetulia kati ya 2.1 na 2.5 na dozi haihitaji kuguswa sana. Maji yanatoka meupe karibu siku zote. Mifuko sijaihesabu bado, nataka mwezi uishe.

---

FundiMaji

Nyundo, hongera, na asante kwa kurudi na majibu. Hilo la kufungulia kidogo kidogo lina uzito kuliko kipima chochote, maana umelituliza tope kabla ya kulifukuza kwa dawa.

Hizo lita 5 zipime tena mara mbili: tanki la polima likiwa limejaa, na likiwa karibu kuisha. Kama zinatofautiana, au kama mwezi ujao zimeshuka hadi 4.6, raba ya ndani ya pampu imelika. Agiza mapema, usingoje ikwame masika. Na ile namba ya ukutani ifute, pale andika tarehe ya mwisho ya kupima pampu.